Wafagiaji wa Sanduku la Kioo

Watu wakisikia nilifundisha Garissa miaka ya tisini, huniuliza habari za joto na za barabara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za wadudu. Haya, nawaambia bila kuulizwa, maana nikiikumbuka Garissa hao ndio hunijia kwanza: vidudu vyeupe, kimoja hakizidi chembe ya chumvi laini, vikirandaranda ndani ya sanduku la kioo kama watu wenye shughuli zao. Vilinifanyia kazi ambayo mikono yangu ilishindwa kuifanya, na sijapata mahali pa kuvishukuru ila hapa.

Kwetu ni bara ya Kilifi, pande za Kaloleni. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwamba mkubwa wa chokaa, msitu umeufunika kwa juu, na katika nyufa zake liliota ua ambalo sijaliona likiota lenyewe mahali pengine popote. Majani yake manene, yana manyoya mafupi kama shavu la mtoto, na maua yake ni ya rangi ya zambarau iliyopauka, na kijicho cha manjano katikati. Tuliliita ua la mwambani, basi. Halikuliwa, halikuwa dawa, mbuzi walilipita bila kulitazama. Mama yangu alilipenda hivyo hivyo, bila sababu. Akitoka kuchota maji alipitia pale, akasimama kidogo na ndoo yake kichwani, kisha akaja zake.

Nilipopangiwa kazi Garissa nilinuna. Nilikuwa nimeomba Malindi. Mama si mtu wa kubembeleza, na mimi si mtu wa kubembelezwa nikawa mpole, kwa hiyo hakujaribu. Siku ya safari aling'oa fungu moja la lile ua pamoja na udongo wake, akalitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akanipakatisha. Aliniambia nikiliangalia nisijione niko peke yangu. Nilikwenda nalo njia nzima mapajani, hasira zangu zote nikizimalizia kwa kulikaza kopo.

Garissa nilipanga chumba katika ua wa mama mmoja Msomali, mjane aliyeuza maziwa sokoni. Mtaa mzima walimwita Eddo, yaani shangazi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alitokea Kotile, kule Ijara kwa wafugaji, akaja mjini akiwa mtu mzima. Kiswahili chake alikiokota sokoni, pole ikawa bole, na ngeli alizipanga apendavyo. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, maana mwalimu wa Kiswahili hana breki. Siku moja akaniambia nitamsahihisha vizuri siku nitakayojua kukamua. Nikaacha.

Lile ua nililiweka dirishani, na upepo wa Garissa haukulipa hata wiki. Kingo za majani zilikauka zikawa za hudhurungi, shina likalegea. Nikimwagia maji asubuhi, adhuhuri udongo umekuwa vumbi. Nikiongeza maji, mizizi inaoza. Nililia, nasema kweli, nililia kwa ajili ya kopo la mafuta. Halafu nikakumbuka kwamba chuoni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeotesha mimea ndani ya chupa kubwa iliyofunikwa, na maji aliyoyatia mara moja yakawa yanazunguka humo humo, yanapanda kuwa mvuke na kushuka tena. Nikaenda kwa fundi wa madirisha, nikamweleza ninachotaka. Aliniuliza kama nafuga samaki. Nikasema ua. Akanitazama, akauliza tena kama ni samaki.

Sanduku alilonitengenezea lilikuwa na urefu wa mkono, kioo pande zote, na kioo kingine cha kufunika juu. Chini nilitandaza kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha udongo mweusi, halafu nikapachika mawe matatu nipate mwamba wangu mdogo. Ua nikalishindilia katikati. Sanduku nikaliweka kwenye pembe ya chumba, mbali na jua, karibu na mtungi wa maji. Baada ya siku chache kioo kilianza kutoka jasho asubuhi, na nikifunua kifuniko, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya nyumbani, ya joto na majimaji. Nje Garissa, ndani Kaloleni. Majani mapya yakatokea. Nilitembea kifua mbele.

Kifua kikarudi ndani upesi. Palipo na joto na unyevu, kuvu haikawii. Jani moja la zamani lilikufa, likaoza, na juu yake ikaota kuvu nyeupe kama pamba. Nikalitoa. Kesho yake pamba iko kwenye udongo. Nikaikwangua. Kesho yake iko shinani, penye majani mazima. Nilifuta kwa kitambaa, nilinyunyizia maji ya majivu, niliacha kifuniko wazi siku nzima mpaka ua likaanza kukauka tena. Ukifunika linaoza, ukifunua linakauka. Nilikuwa nikirudi shuleni sivui hata viatu, nafika tu kwenye sanduku na kijiti cha kiberiti, nakwangua, nalaani.

Dawa ilikuja bila mimi kuijua. Nilikwenda kwenye mashamba ya kando ya Tana kutafuta udongo mwingine, nikidhani wangu ndio mbaya. Mwenye shamba alinionyesha chini ya migomba, palipooza majani, akasema hapo hakuna udongo mzuri kuliko huo. Nikachota, nikaja nao, nikabadilisha sehemu ya juu. Siku mbili tatu baadaye nikaona vidoti vyeupe vinatembea. Nilipovigusa kwa kijiti viliruka, pyu, havina mbawa, vikaangukia kule. Mwili ulinisisimka. Niliinjika maji jikoni, nia yangu nivimwagie yakichemka.

Kilichoviokoa ni uvivu wa lile jiko la makaa. Nikingoja maji, nilirudi kutazama adui zangu. Nikaona vimejikusanya pale pale penye pamba ya kuvu, vingi, vimeinamisha vichwa kama mbuzi kwenye majani. Palipokuwa na vidudu, pamba ilikuwa imekatika. Pasipokuwa navyo ilikuwa imesimama. Maji yakachemka, nikayanywea chai.

Ndani ya wiki kuvu ilikwisha. Jani likifa, vinalizunguka, vinalimenya taratibu, linakuwa udongo bila harufu. Ua lenyewe, lililo zima, havikuligusa hata siku moja. Jina lao la kitabuni sikulijua. Baadaye sana niliambiwa kwamba chini ya tumbo wana kijimkia kama uma, kimekunjwa, na wakishtuka kinafyatuka kinawarusha. Mimi niliwaita wafagiaji. Nilijifunza wanapenda nini: udongo uwe mbichi lakini usiwe tope, kifuniko kifunuliwe kidogo asubuhi wapate hewa, jua wasilione kabisa. Wakati kuvu haipo niliwatupia punje moja ya wali. Moja tu. Ikiota kuvu waliijia wote, na mpaka jioni punje haipo.

Eddo alinicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Maji tuliyanunua kwa mikokoteni ya punda, na yeye aliona nanyunyizia kioo. Alisema mbuzi wake wanalia kiu na mwalimu anawapa maji wadudu. Alisema wazazi wangu walinisomesha bure. Lakini nilianza kuona kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni na maziwa yake, alipitia mlangoni kwangu, akachungulia sanduku, akasema maashallah, akaondoka. Nilipomtania kwamba amependa wadudu, alisema anaangalia kama kioo bado nzima. Mwaka ule ua lilipotoa maua ya kwanza, ni yeye aliyeyaona kabla yangu, akaniita kwa sauti ambayo nilidhani nyumba inaungua.

Hivyo tulikaa miaka. Kisha, mwaka wa tisini na saba, katikati ya mwaka, niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kupokea simu. Alikuwa kaka yangu anapiga kutoka Mombasa, na mama alikuwa naye pale. Alisema mama anataka kuzungumza mwenyewe. Mama yangu na simu walikuwa hawaelewani. Alipiga kelele kama anayeniita ng'ambo ya mto. Aliniambia msitu wa juu ya mwamba umekatwa, umekatwa wote, jua linapiga jiwe kutwa. Alikuwa amezunguka mwamba mzima, kila ufa, na lile ua halipo. Aliuliza kama langu bado liko hai. Nikasema liko. 

"Mimi nilizaliwa nikalikuta," alisema. "Sitaki kufa nikaliacha halipo. Niletee hata jani moja."

Jani moja lilitosha kweli. Ua lile ukilichomeka jani lake kwenye udongo mbichi, linatoa mizizi na kuzaa watoto. Nilitaka kupanda basi siku ile ile. Lakini likizo ya Agosti ilikuwa imeliwa tayari: walimu wa mkoa tulipangiwa kozi Masalani, na kukataa kozi ni kutafuta maneno. Nikajipangia Desemba. Mpaka hapo, kazi yangu ilikuwa moja, sanduku lifike Desemba likiwa zima, kwa sababu sasa ndani yake hamkuwa na ua la kunifariji mimi. Mlikuwa na lile la mama yangu la mwisho.

Kuliacha chumbani limefungiwa wakati wa kozi haikuwezekana, kwa hiyo nililikabidhi kwa Eddo. Nilimwonyesha kila kitu: chupa ya kunyunyizia, kifuniko asubuhi, punje moja ya wali. Nikamweleza na habari ya mama. Alisikiliza, akaweka mkono kifuani. Alisema hii ni amana, na amana ya mtu iko shingoni mwa aliyeipokea. Nilivuka Tana kwa mashua kuingia Masalani nikiwa na amani kabisa.

Sasa, hebu niwaeleze habari za watu wa Eddo, la sivyo mtamlaumu bure. Kwanza, Msomali hampi mgeni punje moja ya wali. Hilo haliwezekani. Eddo alitazama wale wafagiaji wamekusanyika kwenye kipunje, akaona aibu, akawatupia wali konzi nzima. Kesho yake akawaongeza. Wali ulichacha, kuvu ikapanda, na wafagiaji, kwa kushiba, wakazaana mpaka kioo kikawa cheupe. Harufu ikatoka. Akafikiria mimi nitarudi nikute amana yangu imejaa wadudu na inanuka, naye ndiye mlezi.

Pili, wafugaji hawasafishi chombo cha maziwa kwa maji peke yake. Huwasha kijiti cha mti wa nyika mpaka kishike kaa, hukitia ndani ya chombo, hufunika, na kuuacha moshi ufanye kazi yake. Chombo hutoka safi, kikinukia, na maziwa hayaharibiki upesi. Eddo alifanya hivyo maisha yake yote kila jioni. Basi alichagua kijiti kizuri kuliko vyote, akakiweka juu ya kisahani ndani ya sanduku langu, akafunika kifuniko.

Niliporudi kutoka Masalani alinipokea mlangoni, ametandika kitambaa kipya chini ya sanduku. Kioo kiling'aa. Harufu ilikuwa ya kibuyu cha maziwa. Alisema, kwa furaha yake yote, kwamba amenisafishia, kwamba hata maziwa ingekaa hapo asubuhi mpaka asubuhi. Nikainama. Majani ya ua yalikuwa yamelala juu ya udongo kama masikio ya mbwa mgonjwa. Nikatafuta doti moja nyeupe inayotembea. Hakuna. Nikachokora udongo. Hakuna.

Nilisema asante. Meno yangu hayakufunguka, lakini neno lilitoka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalipiga teke dumu tupu, na dumu halikuwa tupu, nikachechemea mpaka Ijumaa.

Ua halikufa. Majani ya nje yalianguka, ya ndani yakasimama polepole. Lakini majani yaliyoanguka yaliita kuvu, na safari hii hapakuwa na wa kuifagia. Eddo aliona nimerudia kijiti changu cha kiberiti, nakwangua asubuhi na jioni. Aliuliza wale watu wangu wadogo wako wapi. Sikutaka kumwambia. Akauliza tena, na mimi uongo hunitoka usoni kama upele, nikamwambia: moshi uliwaua, na wao ndio waliokuwa wanakula hii pamba. Alikaa kitako pale pale sakafuni. Alitazama sanduku muda mrefu.

"Amana yako, mimi niliua," alisema. "Basi mimi nitatafuta."

Nilimwambia asijali, nitakwenda mtoni chini ya migomba nichote wengine, jambo dogo. Na lingekuwa dogo kweli, kama si mvua. Mvua ya mwaka ule kila mtu wa Garissa anaikumbuka. Ilianza Oktoba, tukashukuru. Ikaendelea, tukashangaa. Ikaendelea tena, tukaogopa. Tana ulitoka kitandani mwake ukalala kwenye mashamba, migomba ikabaki vichwa tu juu ya maji. Barabara zikakatika kila upande. Desemba yangu ikaja na kupita, mabasi hayatoki, na mama yangu kule ng'ambo ya maji yote yale anangoja jani. Na hewa, ile hewa kavu ya Garissa niliyoilaani miaka mitatu, ikawa mbichi kama kitambaa cha deki. Viatu viliota kuvu. Chaki iliota kuvu. Sanduku langu lilikuwa vita kila saa, na nilikuwa nashindwa: kila wiki jani moja likaenda, kutoka kingo kuja ndani.

Eddo alitafuta. Mwanamke aliyejua ng'ombe kwa jina la bibi zao alipiga magoti kwenye matope, ameshika kifuniko cha dumu, anachokora. Wauza maziwa wenzake aliwaagiza wote waangalie chini ya magogo, chini ya mawe, chini ya mitungi. Aliniletea mchwa. Akaniletea wale wekundu wadogo wanaouma. Siku moja alikuja mbio, uso unang'aa, kifuniko amekiziba kwa kiganja, akaniambia hawa wanaruka. Akafunua, na wakaruka kweli: walikuwa viroboto wa mbuzi. Kitanda changu kilijua hivyo kwa mwezi mzima. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena, na yeye mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya shali, kisha akasimama akaenda kutafuta tena.

Watoto wa mtaa walimwita mama wadudu. Binti yake aliyeolewa mtaa wa pili alikuja kumwambia anajiaibisha, watu wana nyumba zimeanguka na yeye anatafuta vidudu vya mgeni. Nilimwona Eddo akimjibu kwa Kisomali, maneno machache, bila kupaza sauti. Binti akaenda zake. Sikuuliza alimwambia nini.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mvua imepumzika. Ua lilikuwa limebakiwa na majani sita, na mawili yameshaguswa. Nilikuwa nimeamua nichume yale manne niyafunge kwenye kitambaa kibichi, niyabebe tu nione yatafika wapi. Nikamwona Eddo anakuja kutoka nyuma ya jiko, anatembea polepole kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa mpaka mdomoni. Mikononi alikuwa na kaa. Kaa moja kubwa, jeusi, linachuruzika maji. Huko nyuma ya jiko ndiko alikokuwa akimwaga makaa yaliyozimika, ya kupikia na ya ubani, miaka nenda miaka rudi, na mvua ilikuwa imelilowesha lile rundo kwa miezi. Alinyoosha kaa mbele ya macho yangu.

"Mwalimu. Hii?"

Juu ya weusi ule walitembea, weupe, kila mmoja na safari yake. Niligusa mmoja kwa kucha. Akafyatuka, akaangukia mkono wa Eddo.

Nilimkumbatia, tukapakana masizi nguo nzima. Tulirudi kwenye rundo wote wawili, tukageuza kaa moja moja, na kumbe walikuwa maelfu, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na mimi nimekaa nalia na mto. Tuligundua pale pale njia ya kuwakusanya: ukilizamisha kaa kwenye sufuria ya maji, wafagiaji hawazami, wanaelea juu kama unga, unawachota kwa jani au unawapuliza waende utakako. Tuliwapuliza ndani ya sanduku, vichwa vyetu vimegusana, kila mmoja akimwambia mwenzake apulize pole pole.

Mara hii nilikuwa na akili ya akiba. Eddo alitafuta debe la mafuta ya mgao, yale yaliyofika sokoni kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, akalikata juu, akalisugua na kulisuuza. Tukalijaza makaa yaliyozimika, maji kidogo chini, na punje ya wali. Punje aliiweka yeye, moja, kwa vidole viwili, akinitazama ili nishuhudie. Debe lilikaa kwake uvunguni, na liliendelea hivyo muda wote niliokaa Garissa. Wafagiaji wakipungua sandukuni tunachota debeni. Moshi haukulikaribia, hata ubani wa Ijumaa aliuchomea nje.

Kuvu iliisha Januari. Lile ua lilitoa jani dogo katikati, kisha la pili, yana manyoya, yamekunja ngumi. Nilikaa mbele ya sanduku nikatubu kwa kila neno baya nililowahi kusema kuhusu mji ule. Niliwashukuru wafagiaji kwa sauti, mwalimu mzima, na Eddo akasema amina.

Barabara ya pwani ilipopitika, nilifunga safari ya likizo ya Aprili. Nilikata majani matatu na kugawa fungu la shina, nikapanga kwenye kopo na udongo wake. Eddo akaleta makaa mawili kutoka debeni, akayasukuma ndani. Alisema ua isiende kwa wageni bila watu wake.

Mama alikuwa ameketi uani nilipofika. Amekonda. Hakuniuliza safari, hakuniuliza kazi. Alinyoosha mikono yote miwili, nikampa kopo. Aliligusa jani kwa mgongo wa kidole, mara moja tu, akafumba macho. Mwambani hapakuwa tena mahali pa kulipanda, jua limeunguza jiwe likawa jeupe, kwa hiyo alichagua nyuma ya jiko, ukutani, panapochuruzika maji ya kuogea na kuna kivuli kutwa. Alilipanda mwenyewe, akakataa msaada. Nilipomwonyesha vidudu kwenye makaa nikamweleza kazi yao, aliwatazama kwa makini akasema hao hata mwambani walikuwapo, alikuwa akiwaona tangu mtoto. Kisha aliniuliza ni nani aliyenisaidia, nikamsimulia Eddo tangu mwanzo, na wali, na moshi, na viroboto. Alicheka kwenye viroboto. Kwenye kaa alilia.

Nilirudi Garissa mchana, vumbi limerudi mahali pake. Eddo alikuwa uani anasuuza vyombo vyake. Hakunisalimia kwanza, na yeye salamu zake huwa ndefu kuliko safari yenyewe. Aliuliza kama imefika. Nikamwambia imefika, imepandwa, na nimeondoka majani yote matatu yamesimama. Nikamweleza mama alivyoligusa, alivyofumba macho. Nikamfikishia shukrani zote alizotumiwa, na nilikuwa na zangu pia nimezipanga njia nzima, maneno mazuri ya mwalimu wa Kiswahili. Alinyoosha mkono wenye maji kunizuia.

Akaniambia kwamba siku alipoolewa, mama yake alimpa ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye kichwa cheupe. Yule alizaa, na watoto wake wakazaa, na yeye alizeekea katika maziwa ya ukoo ule. Ukame uliomleta mjini uliwamaliza wote. Mama yake alikuwa amekwisha kufa zamani. Alizunguka Ijara yote kwa miguu, boma kwa boma, akiuliza kama yuko mtu aliyewahi kununua hata ndama mmoja wa ukoo ule, amwone tu. Hakumpata.

"Kwa hiyo usinishukuru, mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa natafuta ya mama yangu."

Akarudi kusuuza vyombo. Nilikaa chini kando yake, nikamshukuru hata hivyo.